Mwimbaji bora wa kiume wa wakati wote: tunabishania nini hasa?

Kuna ubishi ambao hapa Mtwara haukosi watu. Utaukuta kwenye vijiwe vya kahawa Chikongola, utaukuta kwenye kivuko cha Msangamkuu, na msimu wa korosho, watu wakiwa wanasubiri malipo ya mnada, ndipo unapokolea. Mmoja anasema hakuna kama Harmonize, kijana wa Tandahimba, wa kwetu kabisa. Mzee anamjibu kwamba huyo bado mtoto, mwimbaji alikuwa Mbaraka Mwinshehe. Wa tatu anamtaja Michael Jackson. Wa nne anafungua simu, anasoma orodha iliyorushwa kwenye grupu la WhatsApp, na kulitaja jina la Sam Cooke, mwimbaji wa Marekani. Nusu ya baraza inauliza huyo ni nani. Baada ya hapo anayesikika ni mwenye sauti kubwa tu.

Wapo wanaosema mabishano haya ni kupoteza muda. Mimi sikubaliani nao. Watu wanaobishana juu ya sauti ya Mbaraka, aliyekufa mwaka 1979, wanaonyesha kwamba sauti hiyo bado inafanya kazi ndani yao. Tatizo ni kwamba kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe akidhani wote wanajibu swali moja. Ndiyo maana hawakutani.

Tuanze na maneno yenyewe. Mwimbaji ni mtu ambaye chombo chake ni koo. Mwanamuziki anaweza kuwa mpiga gitaa, mpiga ngoma au mpangaji wa muziki asiyeimba hata mstari mmoja. Mtunzi ndiye anayeleta maneno na mahadhi. Mtumbuizaji ni yule anayelimiliki jukwaa: anacheza, anavaa, anaongea na watu. Mara nyingi mtu mmoja hubeba kazi mbili au tatu kati ya hizi, na hapo ndipo hesabu inapochafuka. Elvis Presley hakuwa mtunzi. Nyimbo zake karibu zote ziliandikwa na wengine. Mohammed Rafi wa India, ambaye wazee wetu waliopenda sinema za Kihindi walimsikia mara nyingi bila kuiona sura yake, alikuwa akiimba studio huku mwigizaji mwingine akichezesha mdomo kwenye filamu. Hao ni waimbaji wasiotunga. Mbaraka Mwinshehe ni habari nyingine: aliimba, akatunga, na akapiga gitaa la solo kiasi cha kuitwa Soloist National. Sasa mzee anapompa Mbaraka ushindi, auulize moyo wake: ni koo lile analolisifu au ni vidole? Michael Jackson naye, ukimwondolea miguu na video zake ukabaki na sauti peke yake, bado ni mwimbaji hodari, lakini si yule anayeonekana kichwani mwa watu wanapomtaja.

Neno la pili ni "wa kiume". Kijana anapobalehe, koromeo lake hukua na nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, kwa hiyo hutetemeka polepole zaidi na sauti hushuka. Waliopitia kwaya za kanisa, kwa mfano kule Ndanda na Masasi, wanajua kwamba wanaume hugawanywa: sauti nyembamba iitwayo tena juu, sauti nzito iitwayo besi chini, na katikati kuna baritoni, ambayo ndiyo sauti ya wanaume wengi. Hakuna daraja hapo. Sauti ya tena si bora kuliko besi. Waliomsikia marehemu Muhidin Gurumo na Hassani Bitchuka kwenye bendi ya Mlimani Park wanalijua hili kwa masikio yao: sauti nzito ya mmoja na nyembamba ya mwenzake zilihitajiana. Ukiuliza nani kati yao alikuwa bora umeukata wimbo vipande viwili.

Neno linaloleta vita ni "bora". Hapa naomba tuazime akili ya mkulima wa korosho. Korosho ikifika ghalani hupimwa unyevu, hupasuliwa kuangalia kiini, kisha hupangwa daraja. Wapimaji wawili waaminifu watatoa majibu yanayokaribiana. Baada ya hapo inakwenda mnadani, na korosho ya daraja lile lile inaweza kupata bei nzuri wiki hii na bei ya kusikitisha wiki ijayo, kwa kuwa bei inategemea wanunuzi wangapi wamekuja na wanahitaji kiasi gani. Na mwisho wa safari yupo mtu anayeitafuna. Huyo hajui daraja wala bei, anajua ladha. Mwimbaji naye ana daraja, ana bei, ana ladha. Daraja ni ufundi wa koo: kushika noti bila kuyumba, kumudu pumzi, kutamka maneno yasikike, kuingia na kutoka kwa wakati. Bei ni mauzo, watazamaji, viwanja vinavyojaa. Ladha ni kile kinachotokea ndani ya msikilizaji. Anayemtaja msanii kwa sababu ya watazamaji wa YouTube anazungumzia bei. Anayemtaja kwa sababu wimbo wake ulipigwa siku ya msiba wa mama yake anazungumzia ladha. Wanaweza kupigizana kelele hadi alfajiri bila mmoja wao kusema uongo.

Upande wa daraja, imani iliyoenea ni kwamba mwenye sauti inayopanda juu kabisa na kushuka chini kabisa ndiye bora. Wataalamu hupima upana huo kwa oktavi, yaani safari ya kutoka do hadi do inayofuata. Mtu anayeshikilia rekodi ya Guinness ya noti ya chini kuliko zote ni Mmarekani anayeitwa Tim Storms. Mwaka 2012 alipimwa akitoa mtetemo wa 0.189 kwa sekunde, maana yake mtetemo mmoja unachukua zaidi ya sekunde tano. Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mitetemo 20 hivi kwa sekunde. Noti ile basi haisikiki na mtu yeyote, ilinaswa na vyombo. Ni jambo la ajabu la mwili wa binadamu na namheshimu mwenye nalo, lakini sijasikia baraza hata moja likimtaja kuwa mwimbaji bora wa dunia.

Freddie Mercury anatufundisha zaidi. Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, kabla familia yake haijahamia Uingereza mwaka 1964. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba sauti yake ilikuwa na upana wa oktavi nne. Mwaka 2016 watafiti wa Ulaya walichapisha uchunguzi wa rekodi zake za kuimba na za mahojiano. Hawakuweza kuthibitisha oktavi nne. Waligundua pia kwamba kwa sauti yake ya kuongea alikuwa baritoni, mwanaume wa sauti ya kawaida, ingawa ulimwengu ulimjua kwa noti za tena. Kilichomtofautisha kilikuwa namna sauti ilivyotetemeka, kwa kasi kuliko ya waimbaji wengine, na ule mkwaruzo aliouongeza pale alipoutaka. Hakuwa na koo pana kupita watu wote. Alijua la kufanya na koo alilopewa, na hicho ndicho kipimo cha daraja ninachokiamini.

Vilevile daraja lina nyumba yake. Luciano Pavarotti alipoimba New York mwaka 1972 alipiga do ya juu mara tisa katika kipande kimoja cha opera, mbele ya ukumbi mkubwa, bila kipaza sauti. Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan aliimba kawali, nyimbo za ibada za Kisufi, kwa muda mrefu huku akizungusha sauti kwa kasi ambayo mwimbaji wa opera asingeijaribu. Ukimpeleka Pavarotti kwenye kawali ataonekana mwanafunzi, na Nusrat kwenye opera vivyo hivyo. Kwa hiyo anayetaka kutoa daraja la dunia nzima lazima kwanza aseme anapimia kwenye muziki gani.

Kwenye bei makosa ni mengi zaidi, kwa sababu namba zinavutia. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba Diamond Platnumz amekuwa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kufikisha watazamaji bilioni moja YouTube. Ni fahari, na hakuna anayeweza kumnyang'anya. Lakini YouTube ilianza mwaka 2005. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya, akiwa na miaka 34. Marijani Rajabu, mwimbaji mwingine wa muziki wa dansi, alifariki mwaka 1995. Nyimbo zao zilisikika kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam, na redio haihesabu masikio. Redio moja ya mbao barazani Mikindani ilisikilizwa na mtaa mzima, na hakuna aliyeandika mahali kwamba hao walikuwa watu thelathini. Kumshindanisha Mbaraka na Diamond kwa watazamaji ni kumpima mmoja kwa mizani ambayo haikuwepo siku zake.

Na bei haisafiri vizuri kutoka nchi hadi nchi. Wimbo wa Krismasi wa Bing Crosby, Mmarekani, unatajwa na Guinness kuwa wimbo mmoja uliouzwa kuliko yote, nakala zaidi ya milioni 50. Uliza mitaani Lindi ni wangapi wanamjua Crosby. Halafu uliza juu ya Jim Reeves, aliyekufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1964, ambaye sauti yake hadi leo hupigwa majumbani mwetu Krismasi ikikaribia. Huko Marekani mmoja aliuza kupita kiasi. Huku kwetu mwingine ndiye aliyeingia ndani ya nyumba.

Sasa ile orodha ya kwenye simu. Zinazozunguka zaidi zimetokana na jarida la Marekani la Rolling Stone. Mwaka 2008 jarida hilo lilitoa orodha ya waimbaji 100 bora. Wa kwanza alikuwa mwanamke, Aretha Franklin, na mwanaume wa juu kabisa alikuwa Ray Charles katika nafasi ya pili. Elvis alikuwa wa tatu, Sam Cooke wa nne. Mwaka 2023 likatoa nyingine ya waimbaji 200. Aretha akabaki kileleni, lakini mwanaume wa juu sasa akawa Sam Cooke, wa tatu, Ray Charles akawa wa sita, na Elvis akatoka kabisa kwenye kumi bora.

Tafakari hapo. Sam Cooke alikufa mwaka 1964. Elvis alikufa 1977. Ray Charles alikufa 2004. Kati ya 2008 na 2023 hakuna hata mmoja wao aliyeimba noti mpya. Waliobadilika ni wapigaji kura: orodha ya kwanza ilitokana na kura za wanamuziki, maprodyuza na watu wengine wa tasnia wapatao 179, ya pili iliandaliwa na waandishi wa jarida na wachangiaji wake. Orodha ya pili ilifungua mlango kidogo, akaingia Youssou N'Dour wa Senegal, akaingia Nusrat. Mbaraka hayumo. Marijani hayumo. Wala sitegemei wawemo, kwa kuwa mtu hawezi kumpigia kura mwimbaji ambaye hajawahi kumsikia. Orodha hizo zina faida. Zimenifikisha kwa sauti ambazo nisingezifikia peke yangu, na Sam Cooke anastahili kusikilizwa na kila anayejifunza kuimba. Lakini anayeisoma barazani kana kwamba ni hukumu ya Mahakama ya Rufani anaipa uzito ambao hata wenyewe walioichapisha hawakuudai.

Lipo pia dai la wazee kwamba zamani watu waliimba, siku hizi wanaimbiwa na mashine. Lina ukweli nusu. Programu ya kunyoosha sauti ilianza kuuzwa mwaka 1997 na leo iko karibu kila studio. Bendi zilizorekodi redioni zilipiga zote kwa pamoja, na aliyekosea aliwarudisha wenzake mwanzo, kwa hiyo waimbaji waliingia wakiwa wameiva. Lakini mashine haikuanza jana. Enrico Caruso, mwimbaji wa opera wa Italia, alirekodi kwa kuimbia ndani ya pembe la bati, na aliyekuwa na sauti laini asingesikika humo. Kurekodi kwa umeme kulipoanza mwaka 1925, waimbaji kama Crosby wakaweza kuimba taratibu kama mtu anayeongea na mkewe jikoni. Kipaza sauti kilibadilisha hata maana ya mwanaume kuimba vizuri. Programu hunyoosha noti iliyopinda. Haimpi mtu pumzi, wala haimfundishi mahali pa kutulia. Kama unataka kujua kijana fulani anaimba, msikilize laivu, si kwa plebaki, ukimaliza utoe daraja.

Limebaki neno zito kuliko yote, "wakati wote". Caruso alirekodi Milan mwaka 1902, na rekodi hizo zinahesabiwa miongoni mwa zilizomfanya mwimbaji wa kwanza kujulikana duniani kwa santuri. Miaka minne tu baadaye, 1906, Mjerumani Karl Weule alishuka Lindi akiwa na mashine ya kunasia sauti kwenye mitungi ya nta. Alikwenda Masasi, akapanda uwanda wa Makonde hadi Newala, na kote huko akanasa watu wakiimba. Mitungi ikapelekwa Ujerumani. Maana yake ni kwamba sauti za wanaume wa kusini zilinaswa karibu wakati mmoja na ya Caruso. Caruso alilipwa, jina lake likaandikwa kwenye kila sahani. Wa kwetu waliwekwa kabatini kama vielelezo vya utafiti. Kati ya waimbaji wale inawezekana kabisa alikuwepo mmoja ambaye angelinyamazisha jukwaa lolote la Ulaya, na hakuna baraza litakalowahi kumtaja.

Na hao ni wale walionaswa. Wangapi waliongoza sindimba usiku kucha, sauti yao ikipanda juu ya ngoma na watu mia wakiitikia, wakafa bila kuonana na kipaza sauti? Mwongozaji wa ngoma anahitaji koo lisilochoka, akili ya kubuni mstari papo hapo, na ujuzi wa kujua lini wachezaji wapumzishwe. Nyimbo nyingine za jandoni haziruhusiwi hata kuimbwa mbele ya asiyepitia huko, kwa hiyo ubora wake umefungwa makusudi. Binafsi jambo hili linaniuma kuliko ubishi mzima. Tukisema "wakati wote" tunasema miaka mia moja na ushei ya rekodi, na ndani ya miaka hiyo, wale tu waliokaa karibu na studio. Anayetaka kusema kweli aseme "bora kati ya waliorekodiwa".

Harmonize anaingia wapi? Vijana wa Tandahimba na Newala wanapomtaja mara nyingi hawazungumzii daraja, na hata bei siyo hoja yao kubwa. Wanasema kwamba mtoto aliyetoka kwenye mikorosho kama wao, Mmakonde anayejiita Konde Boy bila kuficha, amesimama Dar es Salaam na nje ya nchi akasikilizwa. Kusini ilizoea kutaniwa. Hilo ni swali la nani anatuwakilisha, nalo ni swali halali, wazee waache kulicheka. Ila lisiitwe swali la sauti. Kwenye sauti yeye ana uwezo wa kuchezea mahadhi na kuimba kwa majonzi yanayoaminika, tangu wimbo wake wa kwanza kujulikana mwaka 2015. Kwenye kudumu hana hukumu bado. Mbaraka ameshapita zaidi ya miaka arobaini baada ya kifo chake na bado anapigwa harusini. Harmonize hawezi kupewa wala kunyimwa alama hiyo leo.

Kwangu, kati ya wanaume waliorekodiwa wakiimba Kiswahili, nikiacha gitaa, utunzi, mavazi na idadi ya watazamaji, nikabaki na koo na maneno tu, namtaja Marijani Rajabu, Jabali la Muziki. Sababu yangu ni hii. Kiswahili humalizia maneno yake kwa irabu, na irabu ni mtego: mwimbaji anaweza kuivuta mpaka neno likapoteza sura, watu wakabaki na sauti nzuri isiyosema kitu. Marijani havuti zaidi ya neno linavyoruhusu. Mkazo unakaa pale mtu anapouweka akiongea, na bado mahadhi hayavunjiki. Hapigi kelele hata anapolaumu. Unaweza kumsikiliza kwenye spika mbovu ya basi la Masasi, barabara ikirusha abiria, na usikose hata silabi moja ya kisa anachosimulia. Anayemweka Bitchuka juu yake nitamsikiliza, kwa sababu kwa utamu wa sauti ya juu Bitchuka anamzidi. Anayemweka Mbaraka itabidi anionyeshe wimbo ambao, gitaa likinyamaza, sauti peke yake inabaki inatosha.